Mkono Wangu, Jina la Wanjiku

Nakumbuka mchana mmoja, mwanangu, nimelala chumbani kwangu mtaa wa Kimbo, Ruiru, mkono wangu wa kulia ukaamka bila mimi. Ulitoka dirishani polepole, ukaelea juu ya matangi ya maji, ukashika njia ya Thika. Kila nyumba ulipobisha uliulizwa, "Wewe ni mkono wa nani?" Nao ukaenda kubisha mlango mwingine.

Ilikuwa homa. Siku mbili nyuma, kiwandani Thika, mashine ya kupasua njugu za makadamia ilikuwa imenila kidole cha shahada. Nilipiga yowe, nakwambia, likasikika mpaka Arusha!

Shida ni kwamba sikuwa na karatasi za kuniruhusu kufanya kazi Kenya. Nilikuwa nimevuka mpaka kutoka Tanzania pale Tarakea na nguo mbili na Kiswahili kizuri mno, ambacho ilibidi nikiharibu makusudi ili nifanane na wasichana wa Ruiru. Kiwandani, kibarua aliacha kitambulisho getini asubuhi, akakichukua akitoka. Mimi niliacha cha rafiki yangu Wanjiku wa Ngoingwa. Tulifanana kama mbuzi na trekta, lakini msimamizi hakujali. Sisi tusio na karatasi alitupenda sana, maana hatulalamiki. Siku ile alinifunga kitambaa akaninong'oneza, "Wanjiku, enda nyumbani, nyamaza. Hospitali watakuuliza kibali, urudishwe kwenu."

Nikanyamaza. Hilo ndilo kosa langu, mwanangu, kubwa kuliko Kilimanjaro yenyewe.

Aliyenikuta ni Shosho Nyambura, yule bibi kizee mwenye nyumba wangu. Alikifungua kile kitambaa, akashtuka.

"Haiya! Mkono unaoza na wewe unaota!"

Nikamweleza yote. Akanitazama.

"Hiyo mashine ilikuuliza kitambulisho kabla ikuume?"

"Hapana, Shosho."

"Basi vaa viatu."

Hospitalini karani akaniuliza jina. Nikaanza, "Wanji..." Shosho akanifinya.

"Wanjiku ako Ngoingwa na vidole vyake kumi, anasukuma chapati! Ukiandikwa Wanjiku, nani ataamini ni wewe umeumia?"

Nikasema, "Naitwa Manka. Natoka Rombo." Na naapa, nilihisi ule mkono unashuka kutoka mawinguni, unajishika tena kwenye bega langu.

Kutoka hapo tukaenda ofisi ya leba, ile ya serikali ya mambo ya wafanyakazi, na barua ya daktari. Afisa hakufoka. "Kibali ni mambo ya ofisi nyingine," alisema. "Mimi hapa naandika ajali." Lakini mwenye kiwanda alipoitwa akakana kabisa: hamjui Manka, kitabu chake kina Wanjiku tu. Kesi ikakokota miguu mpaka nikadhani nitaota mizizi kwenye lile benchi. Mwishowe Wanjiku mwenyewe akaja, ingawa naye aliogopa kushikwa kwa kuniazima kitambulisho. Akasimama mbele ya yule mwenye kiwanda, akainua mikono yote miwili.

"Hesabu," akamwambia. "Mimi sijawahi kukufanyia kazi, aliyeacha kitambulisho changu getini kwako ni huyu Manka."

Nililipwa fidia, mwanangu. Ndiyo iliyonipeleka masomo ya jioni, nikajifunza kuandika kwa kidole cha kati na gumba, hati nzuri kushinda ya mwalimu!

Sasa wewe unayebeba zege Membley bila karatasi, nisikilize. Usiazime jina la mtu. Litakupitisha getini, kisha litakukana siku ya damu. Ukiumia, mwambie mwajiri siku hiyo hiyo, mbele ya mwenzako. Tibiwa kwa jina lako, tunza kila karatasi ya daktari, nenda leba usikawie. Ukiogopa, tafuta kwanza wakili wa msaada wa bure akusindikize. Siahidi kwamba hutaulizwa kibali, unaweza kuulizwa. Ila hiyo ni kesi moja, na mkono wako ni kesi nyingine, usikubali mtu azichanganye akunyamazishe.

Mungu akutunzie vidole vyako vyote kumi. Na ukiulizwa huo ni mkono wa nani, akupe nguvu ya kujibu kwa jina alilokuita mama yako ulipozaliwa.