Maiti Aliyechezesha Kidole

Jumamosi alasiri, katika ukumbi mmoja hapa Voi, madirisha yalizibwa kwa magunia ya mkonge tukaonyeshwa sinema bubu. Mzungu mmoja aliipiga picha huku Taita zamani, akaiongoza mwenyewe na kujipa nafasi ya shujaa. Mwonyeshaji alituambia kwamba sinema zilipoanza kusema, kazi ya Mzungu huyo ilikwisha.

Mbele yangu alikaa mzee wa Mbololo na mjukuu wake wa kike, mwalimu. Mzee husimulia kwamba katika sinema hiyo aliigiza mpagazi aliyeuawa na simba, na watu wa nyumbani kwake humcheka.

Simba akaruka; shujaa alimfyatulia bunduki, akachelewa. Mpagazi alikuwa amelala kifudifudi.

"Babu, huyo anaweza kuwa mtu yeyote," mwalimu alisema.

"Tazama mguu."

Kidole gumba cha maiti kikacheza. Ukumbi mzima ukacheka.

"Maiti gani huyo? Mzikeni haraka kabla hajatoroka!" mtu alipiga kelele.

"Mzungu alinifokea nitulie," mzee alisema. "Lakini mama alikuwa amesimama nyuma ya kamera akinitazama. Aliniambia, 'Wakikulaza, chezesha kidole, nijue bado nina mtoto.'"

Mwalimu alisimama. "Jamani, huyo ni babu yangu!"

Watu wakataka kipande kile kirudishwe. Shujaa akafyatua tena, sisi tukitazama mguu.

Tulipotoka nilimwuliza mwonyeshaji jina la shujaa. Hakulikumbuka. Jina la maiti lilikuwa limeshafika sokoni.