Maji ya Sifuri

Kila asubuhi, kabla hajatia chochote mdomoni, Debra Adero hujaza gilasi maji, akaiinua mpaka usawa wa dirisha, akafumba jicho moja na kuyatazama. Anatafuta nini, hata yeye hawezi kukwambia. Anajua kuliko watu wengi kwamba madini ya risasi yakiingia majini hayaonekani, hayanuki, hayana ladha. Amesomea jambo hilo miaka minne. Lakini lazima atazame. Halafu anayarudisha ndooni bila kunywa, anafunika, anatoka na kiu yake.

Zamani hakuwa hivyo. Zamani alikuwa mtu wa kucheka kwa sauti, binti wa muuza samaki wa Bondo, aliyesoma kemia mpaka watu wa kwao wakachoka kuuliza anamaliza lini. Utafiti wake wa udaktari ulikuwa kisanduku. Kilitoshana na kile cha chakula cha mtoto wa shule. Ndani yake kulikuwa na waya, betri, na upenyo wa kuchomeka kijiti cheusi, kama vile vya kupimia sukari ya damu. Unachovya kijiti majini, unasubiri dakika tatu, simu inakuonyesha namba. Mashine ya chuoni inayofanya kazi hiyo ni kubwa kama friji, na stima ikipotea inalala. Ya Debra inaingia kwenye kikapu, na hata mama asiyejua kusoma sana anaielewa: ikipita kumi, usinywe.

Ila kisanduku kama hicho ni kama mizani. Lazima kwanza ukionyeshe sifuri. Kila asubuhi unakipa maji yasiyo na kitu kabisa, kinayashika kichwani, na mengine yote ya siku hiyo kinayapima kwa kuyalinganisha na hayo. Debra aliyaita maji ya sifuri.

Alikipeleka bichi ya Kowiti, kijiji cha wavuvi kando ya ziwa, ukishapita Kisian, mahali ambapo wanaume huyeyusha risasi za betri kuukuu ndani ya sufuria ili wapate vizito vya nyavu. Wanawake waliogopa visima vyao vimeharibika. Alikaa wiki sita kwa Mama Selpha, mwanika omena, wale dagaa wa ziwani, mama mnene wa maneno mengi, na mumewe Mzee Oketch, ambaye hutengeneza chochote kilichovunjika kabla hujamwomba. Kulikuwa na mjukuu pia, Griffins, wa miaka mitatu, aliyemfuata Debra kila kisima akiwa na kijiti kilichokwisha kutumika mdomoni, kama sigara.

"Toa hiyo kitu mdomoni, we mzee," Debra alikuwa akimwambia.

"Mimi ni daktari," anajibu mtoto.

Maji ya sifuri Debra aliyatoa maabara, mtungi mzima wa lita ishirini. Wiki ya pili akaukuta mtupu.

"Nyathina, mwanangu, wageni wa kanisa walikuja," Mama Selpha akajieleza. "Nikaona haya ni maji ya duka. Nikawapikia chai. Na walisifu!"

Debra alicheka mpaka akakaa chini. Kwenda chuoni na kurudi na mtungi mwingine kungekula siku nzima, na wanawake wa kisima cha sita walikuwa wanamngoja. Akatazama tangi la maji ya mvua pembeni ya nyumba. Kwao Bondo maji ya mvua ndiyo yaliyoogesha watoto wachanga. Ndiyo watu hujazia betri za sola, kwa sababu hayana chumvi wala uchafu. Nyanya yake aliyaita maji yasiyoguswa na mtu. Hakufikiria mara mbili. Akafungua bomba, akakionyesha kisanduku: hii ndiyo sifuri.

Kuanzia hapo visima vyote vilitoka sifuri. Kumi na tatu, kimoja baada ya kingine, na vigelegele juu. Siku ya mwisho akasimama mbele ya akina mama, akawaambia wanywe bila wasiwasi, na kwamba maji safi kuliko yote pale bichi ni ya tangi la Mama Selpha. Alisema hivyo kwa mdomo wake.

Miezi minane baadaye, alipokuwa akiandaa maonyesho ya kutetea utafiti wake, alikuta nyuma ya kabati chupa ya maji ya tangi aliyokuja nayo kutoka Kowiti. Akaipima kwa kujifurahisha, sifuri ikiwa ni maji ya maabara. Simu ikaandika arobaini na moja. Akabadilisha kijiti. Arobaini. Akabadilisha tena, na tena, mpaka pakiti ikaisha.

Ndipo akakumbuka mfereji wa bati unaoleta maji tangini, jinsi ulivyong'aa kijivu kila kiungo. Mzee Oketch alikuwa ameuziba mwenyewe, kwa risasi ya vizito vya nyavu, na akamwonyesha kwa fahari: "Daktari, ona, hata tone halipotei." Yeye akamsifu. Na kisima chochote chenye risasi pungufu ya ile ya tangi, kisanduku kilikiona hakina kitu.

Akaenda kwa Profesa Waceke, msimamizi wake, mama mpole aliyemtetea mara nyingi. Profesa alisoma namba, akavua miwani.

"Debra, sasa unataka kuniua. Zimebaki siku sita."

"Watu wanakunywa, Prof."

"Wanakunywa tangu lini? Kisanduku chako kinafanya kazi, si ndiyo? Umekosea maji tu. Weka sentensi moja kwa ile sura ya mapungufu. Ukishapita, turudi huko na gari la chuo, tupime upya, tuwaambie vizuri. Ukisema Alhamisi mbele ya watahini, mwaka mzima umeenda, pengine na karatasi yenyewe ya udaktari."

Debra aliitika. Hilo ndilo linalomla hadi leo, kwamba aliitika upesi.

Lakini Jumamosi akaenda Kowiti, akijiambia anaenda kusema. Aliliona tangi kabla hajaiona nyumba. Mzee Oketch alikuwa ameliandika kwa rangi ya bluu ya mashua, herufi kubwa: MAJI YA DAKTARI. Wanawake walikuwa wamepanga mitungi chini yake.

"Sasa napata wageni kuliko chifu," Mama Selpha alisema, akimvuta mkono. "Mimi siuzi, nagawa. Zamani tulikuwa tunachemsha ya ziwa na kutia dawa, inanuka. Sasa Griffins anakunywa hii tu. Uji, chai, yote. Kaa. Umekonda, huko wanakulisha vitabu?"

Griffins alikuja na mawe yake, akayapanga kwenye goti la Debra. "Moja, mbili, tano."

"Tatu," Debra akasema.

"Tano," mtoto akasisitiza, akicheka.

Watoto wa miaka mitatu huhesabu hivyo. Debra alijua. Alijua pia kwamba risasi haimletei mtoto homa wala kikohozi, inamtoa akili kidogo kidogo na hakuna atakayejua alikuwa awe nani. Alimtazama sana, mpaka mtoto akaona haya na kukimbia.

Chai ikaletwa. Debra alifungua mdomo aseme, na Mzee Oketch akaingia akifuta mikono, akasema, "Daktari, kuna mahali pamevuja tena pale juu, lakini nimeshapaziba." Alisema akitabasamu, akingoja asifiwe.

"Ero kamano, Mzee," Debra akasema. Asante.

Akanywa kikombe chote. Akaongezewa, akanywa. Akaondoka hajasema neno.

Alhamisi chumba kilijaa. Kisanduku kilikuwa mezani, kikapita mkono kwa mkono, na mtahini aliyetoka nje ya chuo akakipenda kama mtoto na simu mpya. Waliuliza kuhusu vijiti, betri, bei. Debra alikuwa amejiwekea ahadi: wakiuliza maji ya sifuri yalitoka wapi, ataeleza yote. Alingoja swali hilo saa mbili nzima. Hakuna aliyeliuliza. Alijikuta akijibu vizuri, hata akachekesha watu.

"Tunakuomba utoke kidogo, tujadiliane," mwenyekiti akasema. "Tutakuita." Profesa Waceke alimkonyeza. Wote walijua ni desturi tu. Ukiitwa ndani, unaitwa Daktari.

Simu ilitetemeka mfukoni kabla hajafika mlangoni. Akapokea palepale.

"Daktari wetu! Mmemaliza?" Mama Selpha alikuwa anapaza sauti kana kwamba Maseno, kilipo chuo, ni ng'ambo ya ziwa. "Tumeomba hapa tangu asubuhi. Hata uji wa Griffins unapoa, nimesema tunywe pamoja na habari njema."

"Mama," Debra akasema. "Mwaga huo uji."

"Unasema?"

"Mwaga. Maji ya tangi yana sumu. Mimi ndiye nilikosea. Nilijua Jumamosi, nikanywa chai yako nikanyamaza. Funga bomba, waambie na wale wengine. Nakuja."

Upande ule ikasikika sauti ya mtoto ikiuliza kijiko kiko wapi.

Chumbani watu walikuwa wamegeuka kumtazama. Debra alirudi hatua mbili, akatoa mkobani ile chupa ya Kowiti, akaiweka kando ya kisanduku chake.

"Haya ndiyo maji yangu ya sifuri," akawaambia. "Pimeni."

Halafu akatoka kama alivyoombwa. Walipofungua mlango kumwita, ukumbi ulikuwa mtupu, kiti cha kungojea kikiwa na soda aliyowekewa, haijafunguliwa. Wakangoja, wakidhani ameenda kunawa uso. Hakurudi.