Walimtuma Kemunto Bweni la Wavulana

Hasira ya 1973 imenirudia leo!

Mjukuu wangu amenionyesha video ya wanafunzi wa zamani chuoni wakiwacheka wapya.

Mwaka ule nilikuwa mwaka wa pili chuo kikuu, nikiwapokea wapya kutoka kwetu Kisii. Kemunto, msichana wa Nyamarambe, alielekezwa makusudi kwenye bweni la wavulana. Nilimkuta mlangoni, sanduku kichwani, wanaume wakimpigia miluzi.

Na aliyemtuma? Binamu yangu Omwenga, wa Keroka!

"Ni mzaha tu," akasema.

"Mzaha? Angekuwa dada yako?"

Nikamwambia Kemunto, akitaka kurudi nyumbani, nitamsindikiza hadi kwenye basi.

Akanikazia macho. "Nirudi kwa sababu ya hawa? Nionyeshe chumba changu, dada."

Omwenga ndiye aliyebeba sanduku, mimi nyuma yake nikifoka njia nzima.

Na nyinyi, bado mnauita mzaha?