Chai ya Kabuti la Baba

Baba alipofariki, kabuti lake refu lilibaki kwenye msumari nyuma ya mlango wa jikoni, na Mama hakutaka mtu aliguse. Baridi ya Julai ilipotanda Karatina, likaota kuvu mabegani. Kuku wetu akaanza kutagia juu ya gunia la mahindi, chini ya pindo lake.

Shangazi, dada yake Baba, alitukumbusha kwamba zamani nyumba aliyofia mtu iliachwa ianguke yenyewe. Mama akamjibu kuwa yeye ni mtu wa kanisa na hana nyumba ya pili. Kwa hiyo sisi tukabaki, kabuti likaachwa lioze.

Mimi nilikuwa kijana wa studio ya picha, mwoga wa makosa kiasi cha kumwomba mteja radhi hata kabla hajaiona picha yake. Nilikuwa na kamera ndogo ya filamu niliyoinunua kwa msimamizi wa shamba la ngano huko Timau, aliyekuwa akiuza vitu vyake ahame. Hakuna aliyenifundisha kuitumia. Gari la kutangaza sabuni lilipoonyesha sinema sokoni, wenzangu walitazama pazia, mimi nilisimama kando ya projekta nikitazama mashine.

Nilitaka kutengeneza sinema ya mjane anayeliandalia kabuti chai kila siku huku likioza. Nilitaka watu wacheke, kisha wasijue waweke wapi kicheko chao. Lakini ningemwombaje Mama? Nikanunua kabuti kuukuu sokoni, nikalifukia kwenye samadi, nikalimwagia uji uliochacha. Lilioza upande mmoja tu. Nililifukua, nikalifukia tena.

Mama alinikuta nikililinganisha na lile la msumarini.

"Hilo si lake," akasema. "Lake limeisha kiwiko cha kushoto. Aliegemea dirisha hilo miaka yote."

Akauliza ni la nini. Nikamweleza yote, hata mahali ambapo kabuti linakataa sukari. Nilingoja anifukuze. Aligeuza mwiko kwenye sufuria ya irio, kisha akauliza:

"Na huyo mjane ni nani?"

Nikasema nilimfikiria msichana mmoja wa kwaya.

"Msichana wa kwaya anajua nini?"

Basi tukatumia kabuti lenyewe, na mjane akawa Mama. Alimimina chai, akakielekeza kijiko cha sukari kwenye kola, akangoja, kisha akairudisha sukari mkebeni. Shangazi, aliyetakiwa kuingia na kuliamkia kabuti tu, akaongeza ya kwake: "Mwenye nyumba, mbona umekonda hivi?" Kamera haikunasa sauti, lakini kicheko changu kiliitikisa. Hapo kuku akachomoka chini ya pindo, akaruka mezani, akamwaga kikombe. Mama hakushtuka. Alimimina kingine, akapiga magoti, akapangusa pindo lililolowa kwa leso yake, polepole.

Filamu iliporudi kutoka kusafishwa Nairobi, niliona kipande cha Mama akipiga magoti kimetoka na ukungu. Nikamsihi Mama turudie. Akanionyesha msumari mtupu. Kabuti alikuwa amelitandika kwenye kona ya jikoni, chini ya mayai.

"Kuku ameshaanza kuatamia," akasema. "Utarudia na nani?"

Tuliionyesha sinema kwenye ukumbi wa kanisa, juu ya shuka, kwa projekta ya kuazima. Nilikuwa nimejiandalia maneno ya kuomba radhi, nikisubiri kipande kile kifike. Watu walicheka sukari ilipokataliwa, wakamcheka kuku hadi viti vikalia. Mama alipopiga magoti, kicheko kikaishia njiani. Mzee mmoja akauliza kwa sauti kama hii ni ya kuchekesha ama ni ya matanga.

Mama, kwenye benchi la mbele, hakugeuka.

"Tazama tu, mzee. Huyo ni mimi."

Picha ilitetemeka pale kwenye shuka, na ukungu wake wote. Nilisimama kando ya projekta, sikuomba radhi.