Paka Alivyoanguka Mara ya Pili

Mafundi wenzake walimwita Paka kwa sababu alitembea juu ya kenchi za paa kana kwamba yuko barazani kwake. Alianza kazi ya kuezeka akiwa kijana, na mpaka mvi zinaanza kumchungulia hakuwahi kuteleza. Hata siku aliyoanguka hakuteleza. Ubao uliooza kwa ndani ulikatika chini ya mguu wake kwenye paa la ghala, naye akaja chini mzima mzima hadi sakafu ya zege. Paja la kushoto likavunjika na goti likaharibika.

Kwa ajali hiyo hapakuwa na ubishi. Alianguka kazini, mchana kweupe, mbele ya msimamizi. Mfuko wa fidia ukagharamia matibabu na kumpa sehemu ya mshahara wakati akijiuguza. Daktari alimpa magongo, na baadaye akamwambia aanze kuukanyagia mguu kidogo kidogo, asiudekeze.

Nyumbani aliishi na mkewe, aliyeshinda sokoni akiuza nguo, na mama mkwe wake, mjane wa maneno machache. Mkwe na mama mkwe walistahiana kupita kiasi. Paka akiingia sebuleni, mama anakumbuka jambo jikoni. Mama akikohoa ukumbini, Paka anapunguza redio. Mkewe aliwatania kwamba wanaishi kama majirani waliogombana wakasahau sababu.

Asubuhi moja, mkewe akiwa ameshatoka, Paka alikuwa bafuni anaoga. Goti likalegea ghafla kama bawaba iliyong'oka. Aliangukia mkono wa kulia, akasikia bega likitoka mahali pake. Akalala pale sakafuni, hana nguo, hawezi kuinuka, ameamua kunyamaza mpaka mkewe arudi. Lakini maumivu yalimshinda, akaguna.

Mama mkwe aliita, hakujibiwa, akasukuma mlango. Papo hapo akageuza uso, akavua shuka aliyojitanda begani, akamfunika kwa kupapasa, ndipo akamtazama.

"Umeumia wapi, baba?"

"Bega, mama. Goti limeniachia."

"Usijitikise."

Akaita majirani, wakambeba hadi hospitali. Tangu siku ile hakuna kati yao aliyeligusia jambo hilo, na Paka akawa hathubutu hata kumtazama usoni.

Bega lilihitaji upasuaji. Afisa wa mfuko akaja na maswali. Alisema jeraha la pili linaweza kuhesabiwa pamoja na la kwanza kama limetokana nalo, mradi mgonjwa hakujitakia. Tatizo ni kwamba kulikuwa na fununu.

"Wanasema ulipanda kumzibia jirani paa," alisema. "Na watu wanakujua, hukai chini wewe. Nani alikukuta bafuni kabla ya majirani?"

"Hakuna," Paka akasema.

Afisa alipoondoka, mkewe alimgeukia. "Mama ndiye aliyekukuta. Kwa nini umesema hakuna?"

"Nimwite mama yako akasimame mbele za watu, aseme alinikuta vipi? Bora nikose."

"Ukikosa, bega hilo ndiyo basi tena."

"Na liwe basi."

Walikuwa wakinong'ona, lakini nyumba ile kuta zake zilikuwa mbao nyembamba. Paka hakujua kama mama alisikia au mkewe alikwenda kumwambia. Siku ya kikao alikuwa ameketi mbele ya maafisa wa fidia, pembeni yake mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, mlango ukafunguliwa. Mama mkwe akaingia taratibu, mkewe Paka nyuma yake. Paka aliinamisha kichwa, akatamani ardhi ipasuke.

Mwenyekiti alimpa kiti, mama akasema atasimama.

"Ulimkuta wapi?"

"Bafuni. Ameangukia mkono, hawezi kuinuka."

"Unajuaje kwamba hakuanguka kwingine, akajikokota hadi ndani?"

"Mtu aliyetoka juu ya paa hawi na povu la sabuni kichwani."

Kuna aliyecheka huko nyuma. Mama hakugeuka.

"Na habari ya goti?"

"Aliniambia palepale, goti limemwachia. Alikuwa kwenye maumivu ambayo hayampi mtu nafasi ya kutunga uongo." Akaendelea kwa sauti ileile. "Mwanangu huyu hakuwa na nguo. Nilimfunika. Nimekaa kimya siku zote hizi kwa kumsitiri, maana yeye ni mtu wa haya. Kama kuna mwenye kucheka, acheke nikiwa hapa."

Hakucheka mtu. Paka alihisi machozi yakimjaa, akayaacha. Daktari naye akaeleza jinsi goti lile lisivyoweza kuaminiwa, na kwamba ni yeye aliyemwagiza aukanyagie mguu.

Jioni ile Paka alimfuata mama mkwe jikoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Mama, sijui nisemeje."

"Basi usiseme. Kaa, mguu huo usiusimamie bure." Akamsogezea kigoda na ungo wa maharage. Wakachambua pamoja, yeye kwa mkono mmoja.

Uamuzi ulipotoka, bega lilihesabiwa pamoja na mguu. Alipasuliwa, akatibiwa, akaendelea kupata haki yake. Ila mkono haukurudi kama zamani. Hauinuki kupita kifua, na fundi wa paa asiyeweza kunyanyua nyundo hana kazi juu. Kampuni ilimweka chini, kwenye meza ya kukatia mbao.

Siku ya kwanza alizima msumeno katikati ya ubao, akasimama akiwasikiliza wenzake wakigonga misumari. Msimamizi alimwona, akapita bila kumsemesha. Baada ya muda fundi mmoja kule juu ya paa akaita apewe ubao mwingine. Paka akaupima, akaukata, akaupeleka mwenyewe hadi chini ya ngazi, akichechemea.