Mkate wa Meza ya Bwana na Hamira Iliyoadimika

Masika yale treni ilikuwa haijafika Mpanda kwa wiki mbili, na hamira ikaisha madukani. Jumamosi nilikuta foleni imesimama mbele ya mwokaji wetu wa mikate. Mke wa mchungaji, aliyekuja kuchukua mikate ya meza ya Bwana, alikuwa ameumega mmoja na kuunusa.

"Umeumulia nini?"

"Mama, hamira hakuna mji mzima."

"Sijakuuliza kisichokuwepo."

Mwokaji akalitazama tanuri lake. "Nimetia pombe kidogo. Moto unaimaliza yote."

Nyuma yangu mtu aliguna. Katika kanisa letu, ukionekana tu kilabuni unatengwa, na mwokaji alikuwa muumini wa humo.

Mke wa mchungaji akatia kipande mdomoni, akatafuna taratibu, macho kayafumba.

"Na tena ya ulezi," akafoka. "Ya siku ya pili. Hata haijakomaa!"

Hakuna aliyecheka. Mwokaji akainua uso polepole.

"Mama, mimi niliyeinunua sikujua ni ya siku ngapi."

Mama akafunika kapu lake, akaondoka na mikate yote. Jumapili tuliimega kanisa zima. Hakuna aliyetengwa, wala hakuna aliyesikia harufu yoyote.