Mlango wa Gare Isiyo na Treni

Mkono wa yule mwenye bunduki ulikuwa na ladha ya tumbaku na grisi. Najua, kwa sababu niliung'ata mpaka meno yangu yakagusa mfupa, na sikuuachia hata aliponipiga kisogoni. Hakuwa ameniibia mbuzi wala hakuwa amemshika binti yangu. Alikuwa anapasua mlango kwa shoka, na mlango wenyewe haukuwa hata wa nyumba yangu.

Ulikuwa mlango wa gare.

Huku kwetu, kwenye vilima vya juu ya Nyamitaba, tuna gare, stesheni ya treni, na treni haijawahi kufika. Wazee walitusimulia kwamba Wazungu walijenga gare kwanza, wakasema reli itafuata. Walisimamisha kuta za mawe meusi, wakanyoosha ke ndefu, jukwaa la mawe la kusubiria abiria, wakatoboa dirisha dogo la kukatia tiketi. Kisha wakaenda zao. Miaka iliyofuata, malori yaliyokuja kupakia maharagwe na fromaji, jibini ya huku kwetu, yaliegemea ke ile, na watu walijikinga mvua ndani. Halafu vita vikaanza kuja, na kila vita viliondoka na kipande: hivi mabati, vile mabenchi, vingine madirisha. Tusidanganyane, si wenye bunduki peke yao waliochukua. Na sisi tulichukua.

Baba mkwe wangu alichukua mlango. Ulikuwa mlango mmoja mpana wa mbao za libuyu, mzito kama dhambi, na yeye aliugeuza kitanda. Nilipoolewa niliukuta chumbani, umewekwa miguu minne. Tundu la kufuli lilikuwa chini ya kiuno changu, nami nilijifunza kulala pembeni yake. Watoto wangu wote nimewazaa juu ya mlango ule.

Mume wangu ni fundi wa mbao. Siku moja, baada ya misa, alisimama mbele ya watu akasema tuitengeneze gare. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mmoja akamwambia, "Papa, atuna barabara, atuna dawa, weye unataka gare? Utapanda treni gani?"

"Barabara tunangojaka serikali," mume wangu akajibu. "Gare iko yetu. Atuna mwenye kungojea."

Akaweka salongo, kazi ya pamoja, kila Jumamosi, na sheria moja tu: aliyechukua kitu akirudishe, na hakuna atakayemuuliza kilifikaje kwake. Ila akikirudisha, kinabaki mikononi mwake. Atakisugua, atakipaka mafuta, kikioza atakibadilisha. Ndivyo tulivyopata majina. Aliyeleta fremu za madirisha akawa Papa Dirisha. Mjane aliyekuwa na ngazi ya mawe uani kwake, akifulia nguo juu yake, akawa Mama Ngazi. Tulijitolea bila mshahara na bila soda, tukichimba mitaro, tukiziba nyufa, tukigombana kuhusu nani amekuja amechelewa.

Mimi nilipata jina langu kwa hila. Nilitoka shamba jioni nikakuta godoro liko chini, kitanda hakipo. Nilimkimbiza mume wangu na mwiko wa bugali mpaka kwa jirani, naye anakimbia anacheka, na kicheko chake ni kile cha kelele, cha kuwafanya mbuzi wageuke. Jumamosi iliyofuata nilikwenda gare nikiwa bado nimenuna. Nikauona mlango umesimama mahali pake. Sikujua kwamba ulikuwa mzuri. Nilikuwa nimeulalia miaka yote ile bila kuutazama. Nikachukua kitambaa na mafuta ya mawese, nikaanza kuupaka, na tangu siku hiyo nikawa Mama Mulango. Ole wake aliyeufungua kwa teke.

Kwa miaka michache gare ilikuwa na kazi. Watoto walisomea katekisimu humo, wachuuzi walipanga bidhaa kwenye ke, na maharusi walipigwa picha wakiegemea mlango wangu. Ndipo wenye bunduki wakarudi. Ni wa upande gani? Huku tumeacha kuuliza. Wanabadilisha majina kama mashati, lakini njaa yao ni ile ile. Waliingia gare wakaweka bunduki yao kubwa juu ya ke, wakaanza kupika. Walichoma kwanza mabenchi. Baadaye wakachoma madirisha, na Papa Dirisha alikaa nyumbani kwake akiutazama moshi.

Asubuhi moja nikiwa napalilia maharagwe nilimwona mume wangu anashuka kuelekea gare, turnevisi yake ya kufungulia skrubu mkononi. Nilijua anaufuata mlango. Nikashika jembe nikamfuata huku nikimtukana toka juu ya kilima.

Tulipofika, kijana mmoja wa wale wenye bunduki alikuwa ameshapiga shoka la kwanza kwenye mlango. Mume wangu akaudaka mpini wake. Yule kijana akamwachia shoka, akageuza bunduki akamtandika kitako chake mdomoni, na nikaona meno ya mume wangu yakitoka na damu. Hapo ndipo sikusikia tena kitu. Jembe nililitupa, sijui kwa nini, na nikamrukia yule kijana kwa meno. Alinipiga kisogoni, akanipiga mgongoni, mwenzake akanivuta nywele, na mimi nimo tu. Nilitaka kumuua. Nasema wazi, nilitaka afe hapo hapo kwenye kizingiti nilichokifagia kila Jumamosi.

Kilichotutenganisha ni bomu. Lilitoka kilima cha pili likaangukia nyuma ya gare, ardhi ikaruka, na mabati yakapasuka juu yetu. La pili likaua ng'ombe barabarani. Wenye bunduki wakatawanyika, kila mtu na roho yake mkononi, na yule niliyemng'ata akanikanyaga tumbo akikimbia. Mimi nilitambaa mpaka chini ya ukuta wa ke. Nikageuka kumtafuta mume wangu.

Alikuwa anafungua bawaba. Mabomu yanaanguka, risasi zinapiga mawe, na yeye amepiga magoti, mdomo unavuja damu, anazungusha turnevisi kama mtu aliye kwenye karakana yake. Niliita mpaka sauti ikaniisha. Skrubu ya mwisho ilipotoka, mlango ukamwangukia begani, na wakati huo huo kipande cha chuma kikampasua mguu chini ya goti.

Wanaume wa salongo ndio waliokuja kumtoa. Walitoka mashambani, wameinama, wakamlaza juu ya kitu kilichokuwa karibu, na kilichokuwa karibu ni mlango. Kwetu mgonjwa huchukuliwa mabegani, kwa zamu, kutoka kilima hadi kilima. Lakini kipoyi cha kawaida ni chepesi, ni fito na kamba. Mlango ule uliwahitaji wanaume wanane, tena wanane wenye nguvu. Njia ya hospitali ya Masisi ilikuwa imefungwa na mapigano. Tukashika ya Mpofi, kule Walikale, kupitia msituni, pamoja na watu wengine waliokimbia na mizigo yao na vitoto vyao mgongoni.

Mvua ikanyesha. Udongo ukawa sabuni. Wanaume waliteleza, wakapiga magoti, wakainuka, na kila walipoteleza mume wangu alipiga kelele. Nilimfunga mguu kwa kitambaa cha kichwa changu, lakini damu ilipita, ikakusanyika kwenye tundu la kufuli na kudondoka chini, mbele ya miguu yangu, kwa kuwa mimi nilitembea nyuma. Risasi zilisikika bado, na hazikuwa mbali. Watu waliotoka nyuma yetu walitupita mmoja baada ya mwingine. Hata Mama Ngazi, na umri wake wote, alitupita.

Papa Dirisha alikuwa kwenye kona ya mbele. Alisimama, anahema.

"Mama, ii mulango itatuua bote. Tumubebe na kitenge."

Mume wangu akainua kichwa. "Mutu asiguse mulango. Minatoa damu yangu juu yake."

"Papa, njo ile damu inaisha," nikamwambia.

"Minasema bebeni!"

Na wakabeba! Ndicho kilichonichemsha. Wanaume wazima, roho zimewafika kooni, wanamtii maiti mtarajiwa kwa sababu ni prezida wa salongo. Walitembea kidogo, wakaanguka tena, safari hii mlango ukamwangukia mmoja kidole na kukisaga. Tulikuwa ukingoni mwa korongo. Nilivua kitenge changu, nikabaki na sketi ya ndani mbele ya wanaume wale, nikakitandika matopeni. Nikamshika mume wangu makwapani nikamburuta kutoka kwenye mlango. Alijishikilia kwa kucha za mkono wa kulia. Nilimfungua kidole kimoja kimoja, na kimoja nadhani nilikitegua.

Kisha nikausukuma mlango kwa mguu. Ulikaa ukingoni kidogo, kama unafikiri, halafu ukaenda. Tulisikia unavunja vichaka, unapiga mwamba, unapiga mwamba tena, na mwishowe maji.

Mume wangu alinizaba kofi. Alikuwa amelala chali, hana damu mwilini, na bado alipata nguvu ya kuninyooshea mkono. Hakuwahi kunipiga kabla ya hapo. Nami nikamrudishia, kofi zima, mbele ya watu wote, kwenye mdomo wake uliovunjika.

"Sasa bebeni," nikasema.

Walikata mti mmoja mrefu, wakafunga kitenge, na wanaume wanne wakakimbia naye. Walikimbia kweli. Mpofi tulimkuta daktari aliyekuwa mkimbizi kama sisi, anafanyia kazi juu ya meza za shule. Alimkata mguu chini ya goti. Alipotoka alinawa mikono akaniambia, "Mama, mungechelewa kidogo tu, mungenikuta na kazi ya kumufunika."

Nilisubiri mume wangu azinduke nimwambie maneno hayo. Alifungua macho. Ngumi yake ya kushoto ilikuwa imefumbwa tangu gare, muuguzi alishindwa kuifungua. Akaifungua mwenyewe. Ndani mlikuwa na bawaba mbili na skrubu zake zote.

"Mulango iko wapi?" akauliza. Nikamfumba vidole juu ya bawaba zake, na yeye hakuuliza tena.

Tuliporudi, vilima vilikuwa vimetulia, kwa jinsi vilima vyetu vinavyotulia. Nilituma vijana korongoni. Hapakuwa na hata kibanzi. Waliokimbia nyuma yetu walikuwa wameutoa majini wakaukausha na kuupikia. Gare ilikuwa imesimama, mabati yametobolewa, ndani kunanuka mkojo wa askari. Jumamosi ya kwanza watu wakaja na majembe na ndoo kama vile hakuna kilichotokea. Mume wangu alikuja kwa magongo aliyojichongea. Alizipiga bawaba zake mahali pake kwenye fremu, kwa skrubu zile zile, akatoa chupa ya mawese mfukoni, akazipaka.

Akawa anafanya hivyo kila Jumamosi. Wengine wanabeba mawe, yeye anapaka mafuta bawaba zisizoshika kitu. Kisha anazisukuma kwa kidole: zinafunguka, zinafungika, hata hazilii. Hakunilaumu. Angenilaumu ningemjibu, nilikuwa nimejiandaa. Alikuwa mpole nyumbani, anakula, anasali, ila kile kicheko cha kuwafanya mbuzi wageuke kilikuwa kimekatwa pamoja na mguu. Watu nao wakaacha kuniita Mama Mulango, kwa adabu, na adabu ile iliniuma kuliko tusi. Ningeutupa tena mlango ule. Ukiniwekea korongo lile hapa leo, nitausukuma kwa mguu ule ule. Lakini kidole kile kwenye bawaba, Jumamosi baada ya Jumamosi, kilikuwa kinanitia wazimu.

Kitanda chetu kipya alikuwa amekitengeneza mwenyewe, ameketi chini, kazi yake ya kwanza tangu akatwe. Mbao za mkalitusi, zimerandwa vizuri. Alijivunia, ingawa hakusema. Asubuhi moja nilitoa godoro nikalitupa uani, nikachukua shoka, nikakipasua miguu.

Alikuja akirukaruka kwa magongo. "Mama! Unafanya nini?"

"Uko naona ninini?"

Hakunizuia. Labda aliogopa kofi jingine. Nilizifunga mbao kwa kamba, nikaipitisha kamba kwenye paji la uso kama ninavyobeba kuni, nikapanda nazo mpaka gare, kichwa kinaniuma kwa hasira. Nilizimwaga kizingitini, kishindo kikawarusha watu waliokuwa ndani. Mume wangu alifika baadaye, jasho linamtoka. Alizitazama mbao. Akazitazama bawaba. Akatoa mita yake, akapima ubao mrefu kuliko yote, akapima fremu, akapima tena.

"Iko mufupi," akasema.

"Njo ile tuko nayo."

Akaanza kazi. Alipomaliza, mlango uliziba gare vizuri toka juu, na chini ukaacha nafasi ya shubiri nzima. Bawaba zikaubeba. Kuku wa kijiji kizima wakaigundua nafasi ile siku hiyo hiyo. Wanapita chini yake kwenda kutaga mayai ndani, na kuwatoa ni kazi yangu, kwa kuwa mlango ni wangu. Sisi sasa tunalala chini, kwenye mkeka. Kila Jumamosi nawafukuza kuku kwa mawe na matusi, na ninapomkosa kuku, nyuma yangu mume wangu anacheka mpaka mbuzi wanageuka.